Kamba za Mvua za Bukene

Mlima Rungwe,
S.L.P. Tukuyu.
3 Oktoba 1953

Mpendwa Shangazi Apolinaria,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, na pokea shikamoo nyingine ya fidia, maana tangu kadi ya Krismasi sijakuandikia neno. Dada Minza hajambo huko Isevya? Nasikia alipata mtoto wa kiume. Habari hiyo nilipewa na mtu wa Tabora niliyekutana naye sokoni Mbeya. Mpe pongezi zangu, ingawa najua zimechelewa.

Mimi ni mzima, ukiacha mafua, ambayo huku kila mtu anayo. Kituo chetu kiko juu ya migomba ya watu, pale msitu unapoanza, na asubuhi nyingine ukungu unanificha hata mlango wa choo. Mwezi wa Julai Bwana Latimer, yule mtaalamu wa hali ya hewa ninayemsaidia, alinituma kusoma vipimo vya juu kabisa. Nikakuta sakitu nyeupe juu ya majani, nikaikwangua kwa ukucha. Nilikukumbuka, kwa sababu uliwahi kunibishia kwamba maji hayagandi bila mashine. Yanaganda, Shangazi.

Sasa niseme lililonikalisha mezani. Bwana Latimer anaandika kitabu juu ya mvua ya milima hii. Anaamini kwamba mvua ya masika huanza huku juu, kisha hushuka kwenda nchi tambarare. Ili kupata hakika, anataka kulinganisha siku za mvua na siku kavu za huku na za Unyamwezi, siku kwa siku. Mafaili ya magharibi nimepewa mimi. Nilipofungua la Bukene nikakuta miaka kumi na sita ya mwandiko wa marehemu Baba Bernardo, ule wa kulala upande. Kuanzia tarehe 21 Machi 1950 mwandiko ni mwingine, wenye mikia mirefu kwenye kila y. Mwandiko huo ndio ulioandika jina langu kwenye mfuko wangu wa shule. Hakuna aliyeniambia kwamba ni wewe unayesoma kopo la mvua siku hizi. Na mimi sijamwambia Bwana Latimer kwamba msomaji wa Bukene ni shangazi yangu.

Tatizo ni hili. Baba Bernardo, siku isiyo na mvua aliandika sifuri. Wewe huandiki kitu. Kwa ofisi, sifuri maana yake ni kwamba mtu alikwenda saa tatu asubuhi, akatazama, akakuta pakavu. Nafasi tupu maana yake hakuna aliyekwenda. Makarani wa zamani walijumlisha mvua ya mwezi tu, kwa hiyo hawakujali. Bwana Latimer anajali, kwa sababu kwake siku kavu ni hesabu sawa na siku ya mvua.

Nimeambatisha karatasi. Inasema kwamba siku zote zilizo tupu ulikwenda na hukukuta mvua. Tia sahihi, uirudishe kwa posta, na jambo litakwisha.

Wako mwanao,
Raymundi

~

Kigango cha Bukene,
1 Novemba 1953

Mwanangu Raymundi,

Milele na milele, amina. Marahaba zote mbili nimezipokea. Ya pili nimeiweka akiba, nitaitumia mwakani utakaponyamaza tena.

Barua yako ilichukua wiki tatu na siku mbili. Huku hatujambo kwa neema ya Mungu. Mtoto wa Minza anatembea sasa, anavuta vitambaa vya meza na kuvunja vikombe vya watu, na jina lake ni Bernardo. Nadhani huyo mtu wako wa sokoni hakukuambia jina. Chakula ni kidogo mwaka huu, tunakula michembe ya viazi vikavu na mtama wa zamani, lakini tunakula. Masolwa jirani yangu bado anafuga ng'ombe wasio na heshima. Mguu wangu wa kushoto unaniambia mambo ya mvua kabla ya kopo lako, lakini najua Bwana wako hatauandika mguu kitabuni.

Karatasi yako nimeisoma mara mbili, kisha nimeitumia kufungia chumvi. Sitatia sahihi. Inataka niseme kwamba siku zote nilikwenda, na hiyo si kweli. Agosti ya mwaka jana nilikuwa Isevya siku kumi na mbili, Minza alipojifungua. Mwezi wa Mei homa ilinilaza siku nne, na kikohozi kilinipa tatu nyingine. Hivi nilikulea mimi, au kuna mwanamke mwingine aliyekulea na kukufundisha kuapa uongo kwa sababu karatasi imechapwa vizuri?

Na sifuri siandiki. Mume wangu Bernardo, baba yako wa kukulea, aliandika mayai yake miaka kumi na sita nami sikumwambia kitu, nilimtania tu kwamba iko siku yataanguliwa. Yeye alikuwa mtu wa Ndala, kwao husema wanavyotaka. Nyumba ya Mahona haisemi hivyo. Ukitaka kujua kwa nini, njoo nikueleze. Mambo mengine si ya kupita mikononi mwa makarani wa posta.

Unasema hakuna aliyekuambia kwamba ni mimi ninayesoma kopo. Ungekuja ungeniona. Kila asubuhi saa tatu niko pale nyuma ya kigango, na mwavuli wa marehemu, hata kukiwa na jua.

Kula vizuri. Vaa soksi.

Shangazi yako,
Apolinaria binti Mahona

~

Mlima Rungwe,
29 Novemba 1953

Mpendwa Shangazi,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Soksi navaa, jozi mbili kwa pamoja. Nimefurahi kusikia jina la mtoto. Nilikaa nalo siku nzima.

Nisamehe kwa ile karatasi. Nilidhani nakurahisishia. Sasa nikueleze yote bila kuzungusha, maana nikikuficha utakasirika mara mbili.

Bwana Latimer si mtu mbaya ila hana mchezo na hesabu. Ametoa tarehe: mwisho wa Februari. Kituo ambacho siku zake kavu hazijulikani kitaondolewa kitabuni chote, hata miaka yake mizuri, kwa sababu anataka mfululizo usiokatika tangu 1934. Tena kopo lenyewe litang'olewa na kupelekwa mahali pengine penye msomaji anayejaza fomu kama inavyotakiwa. Barua ya kuling'oa imekwisha pigwa taipu, niliiona juu ya meza. Inangoja tarehe na sahihi tu.

Karani mwenzangu, Eustace, ambaye ana moyo mwema na akili ya njia ya mkato, aliniambia: "Wewe Raymundi unajitesa bure. Chukua kalamu, jaza masifuri, nani atajua?" Jumanne jioni nilichukua kalamu. Nilijaza saba za Juni 1950. Kisha nikakumbuka Isevya na homa yako, nikaona kwamba sijui ni zipi kati ya hizo saba zilizo za kweli, nikazifuta mpaka karatasi ikawa nyembamba. Sijamwambia mtu isipokuwa wewe.

Shangazi, kile ni kitabu cha Baba Bernardo. Yeye ndiye aliyenifundisha kuinama ili jicho liwe sawa na maji ndani ya bilauri ya kupimia, akanipiga kofi la kisogoni nilipoisoma nikiwa nimesimama. Kazi hii yote ninayoifanya nimeipata nyuma ya kigango kile. Sitaki jina la Bukene likatwe kwa wino mwekundu, na mimi ndiye nishike rula.

Kama iko njia yoyote ya kujua siku ulizokwenda na siku ambazo hukwenda, niambie. Hata kama ni kumbukumbu za misa au za treni, nitazitafuta.

Kuja sasa siwezi. Kazi ni nyingi mno mwisho wa mwaka huu.

Wako,
Raymundi

~

Kigango cha Bukene,
10 Januari 1954

Mwanangu Raymundi,

Milele na milele, amina. Marahaba. Heri ya mwaka mpya. Kadi yako ya Krismasi imefika, ina picha ya theluji na kondoo. Nimeiweka ukutani karibu na ile ya mwaka jana, na ile ya mwaka juzi. Zote zina kondoo.

Mvua imetufikia. Tarehe 2 Desemba ilinyesha inchi moja na nukta arobaini, watu walicheza, mimi nililowa hadi mfupani nikisoma kopo. Tumepanda mahindi na karanga. Minza alikuja kwa Noeli na mtoto, akanikuta nimekaa na barua yako mapajani, akasema, "Mama, mjibu basi, uache kununa." Sikununa. Nilikuwa nafikiri.

Kwanza nilitaka kukuacha uteseke kidogo, kwa sababu ya lile neno "kuja sasa siwezi". Nimeungama kwa padre, kwa hiyo limekwisha. Pili niliona haya. Ninachokueleza hapa Bernardo alikijua, na padre anakijua nusu tu.

Babu yako Mahona alikuwa mpagazi. Alibeba pembe kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, na nguo na shanga kurudi nazo. Safari moja ilikula miezi sita, nyingine mwaka. Bibi yako Ngollo alibaki na watoto, hakujua kusoma, na jirani wakimwuliza habari za mumewe hakuwahi kusema "hajaja". Kwake neno hilo lilikuwa kufunga njia. Alisema "yuko njiani". Alisema hivyo hata mwaka ule ndui ilipokaa barabarani na wengine hawakurudi. Kila jioni alifunga fundo moja kwenye kamba ya gome la mti, apate kujua siku. Babu yako aliporudi hakupewa maji wala chakula kabla hajaketi na kufungua mafundo yote kwa mkono wake, moja baada ya jingine, na sisi watoto tukimtazama ugali ukipoa. Mkono mwingine haukuruhusiwa kuyagusa.

Hata mvua tulifundishwa hivyo hivyo. Katika nyumba yetu hakuna anayesema mvua haijaja. Iko njiani. Ndiyo maana Bernardo alipofariki na padre akaniambia niendelee na kopo, nilishindwa na ile sifuri. Mkono ulikataa, Raymundi. Niliona nikiandika sifuri nimeifukuza mvua ya watu wote wa Bukene kwa kalamu. Unaweza kucheka. Bernardo alikuwa akicheka.

Lakini mimi si mvivu wala si mwongo. Nilijua kwamba kwenda na kukuta pakavu ni kazi, na kazi haiachwi bila alama. Basi nikafanya kama mama yangu. Kila mwezi una kamba yake. Siku niliyokwenda nikakuta pakavu, fundo. Siku ya mvua, kitanzi kidogo, na hesabu yake iko kwenye fomu mlizo nazo. Siku ambayo sikwenda, nimeacha nafasi ya upana wa vidole viwili. Sikujua kama kuna mtu Tanganyika hii angezihitaji. Zilikuwa zikining'inia kwenye boriti juu ya jiko, na moshi umezifanya nyeusi.

Ziko arobaini na sita, kuanzia Machi 1950 hadi Desemba iliyopita. Kila moja nimeishonea kipande cha kitambaa chenye jina la mwezi. Nimezifunga katika kitenge cha zamani, na mzigo nimeufunga kwa kamba iliyokuwepo nyumbani. Usiikate kwa kisu, kamba ni adimu siku hizi. Mzigo utapanda treni ya kesho mpaka Tabora, halafu Itigi, halafu Mungu anajua.

Bwana wako akikataa, basi walichukue kopo. Nitalia, sitakuficha. Lakini sitalia kwa kuwa nimesema uongo.

Shangazi yako,
Apolinaria

~

Mlima Rungwe,
21 Februari 1954

Mpendwa Shangazi,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, shikamoo, shikamoo.

Naanza na habari ambayo najua unaitafuta kwa macho kabla ya salamu: kopo halitoki Bukene. Sasa vuta kiti.

Barua yako ilifika tarehe 30 Januari, mzigo haukufika. Barabara ya Itigi ilikatika, malori yakalala porini na mizigo yake. Kila siku Eustace alishuka posta ya Tukuyu, kila siku akarudi akitikisa kichwa. Bwana Latimer aliniuliza habari za Bukene tarehe 8. Nilimjibu, bila kufikiri, "Ziko njiani, Bwana." Eustace alinitazama sana.

Zilifika Jumatatu iliyopita, tarehe 15, kitenge kimelowa upande mmoja na kinanuka moshi wa jiko lako. Nilikaa sakafuni nikanusa kama mjinga. Usiku huo na uliofuata tulihesabu, mimi nikisoma kamba kwa vidole, Eustace akiandika. Halafu tukachukua vitanzi tu, tukavilinganisha na siku za mvua ulizotuma kwenye fomu. Miezi arobaini na mitano ilikubaliana bila kasoro hata moja. Novemba 1951 ilikuwa na kitanzi kimoja cha zaidi, tarehe 9, kisicho na hesabu kwenye fomu. Nilivunjika moyo. Kisha nikaona kwamba chini ya kile kitambaa chenye jina la mwezi umeandika kwa kalamu ya risasi: "Tarehe 9 ng'ombe wa Masolwa alikanyaga kopo, maji yakamwagika, lakini ilinyesha, nimeiona." Eustace alicheka mpaka akajikunja.

Asubuhi nilimpelekea Bwana Latimer kamba zote mezani pake. Nilimweleza. Alichagua Agosti 1952, akaniomba nimwonyeshe Isevya. Nikamwekea kidole kwenye nafasi zile kumi na mbili, zilizopangana. Akauliza, "Huyu msomaji ni nani?" Nikasema ni shangazi yangu, aliyenilea. Akauliza kwa nini sikusema tangu Oktoba. Nilimwambia ukweli, kwamba niliona haya kuonekana nabeba ndugu. Akasema, "Ningekuwa na shangazi wa namna hii ningetangaza." Ile barua ya kuling'oa kopo aliichana mbele yangu. Jina lako litaandikwa kitabuni chini ya la Baba Bernardo: Wasomaji wa Bukene. Anakuomba kuanzia sasa ujaze sifuri, lakini nimemwonyesha kwamba fomu ina safu ya maelezo upande wa kulia ambayo hakuna anayeitumia. Humo unaweza kuandika utakalo.

Liko na jingine, na hili litakufurahisha kwa namna mbaya. Tulipoweka hesabu zako kando ya zetu, Bwana Latimer alikuna kidevu. Miaka minne hiyo, mvua kubwa haikuanza mlimani. Ilipita kwenu kwanza, ikanyesha, ikakatika siku kadhaa, ndipo ikatufikia huku, wiki mbili hivi baadaye. Anasema bado ni mapema kutangaza, anapima upya miaka ya Baba Bernardo. Lakini siku zile kavu ulizozifunga mafundo ndizo zilizoonyesha. Mvua ilikuwa njiani kweli, Shangazi, ila ilikuwa inakuja kwetu.

Sasa niseme la mwisho. Nimelikwepa kurasa tatu.

Uliniambia nisiikate kamba ya kufungia mzigo. Sikuikata. Niliifungua taratibu, ikajaza sakafu, na Eustace akasema, "Hii nayo ina mafundo." Tulidhani ni mwaka uliosahauliwa. Haina vitanzi. Haina nafasi. Ni mafundo matupu, ya kwanza yamelegea na kuwa laini kwa kushikwashikwa. Tuliyahesabu mara mbili. Ni elfu moja mia sita hamsini na moja. Eustace alijaribu kuyalinganisha na mvua, hayakulingana na kitu chochote. Mimi nikachukua kalenda, nikahesabu nyuma kutoka tarehe 10 Januari uliponiandikia. Fundo la kwanza ni tarehe 5 Julai 1949. Niliondoka Bukene kwa treni tarehe 4.

Nilimwomba Eustace atoke nje, akatoka.

Simu ya maandishi ya kifo cha Baba Bernardo ilifika Tukuyu tarehe 13 Machi 1950. Mimi nilikuwa juu mlimani kwenye vipimo, na nilishuka tarehe 22. Mlikuwa mmekwisha mzika siku nyingi. Nilianza barua nikaichana. Nikaanza nyingine. Kila mwezi ulioongezeka ulifanya barua kuwa ngumu zaidi, mpaka nikawa natuma kadi, kwa sababu kadi maneno yake yamekwisha chapwa. Si kazi nyingi iliyonizuia kuja. Niliogopa kuingia katika nyumba ile na wewe uniulize nilikuwa wapi.

Kwenye daftari la mvua siku tisa, 12 hadi 20 Machi, nimeziacha tupu. Hazina sifuri wala fundo, na nimeandika pembeni kwamba msomaji alifariki. Lakini kwenye kamba ya kufungia mzigo siku hizo tisa hazikosekani. Ulikuwa matangani, hukwenda kwenye kopo, ukanifungia mimi fundo kila jioni.

Nimeomba likizo. Nimepewa wiki tatu. Nitafika Bukene Jumamosi Kuu, tarehe 17 Aprili, kwa treni ya Mwanza, kama barabara itaniruhusu.

Mwanao,
Raymundi

~

Kigango cha Bukene,
21 Machi 1954

Mwanangu Raymundi,

Milele na milele, amina. Marahaba, zote tatu, na safari hii siweki akiba.

Minza na mtoto hawajambo, watakuja Pasaka. Mahindi yamebeba. Masolwa nimemsomea habari ya ng'ombe wake kuingia katika kazi ya serikali, anatembea kijijini kifua mbele kama aliyeajiriwa yeye. Nimewaambia pia watu baada ya misa kwamba mlima mrefu wa kusini hungoja habari za mvua kutoka Bukene. Padre aliniangalia. Nikamwambia hayo si majivuno, yamepimwa.

Fomu ya Februari nimeijaza. Nilikaa na kalamu muda mrefu, nikafanya ishara ya msalaba, nikaandika sifuri yangu ya kwanza. Iliniuma kidogo tu. Kwenye safu ya maelezo nimeandika "iko njiani", na nimeandika hivyo kila siku kavu, zote nane. Mwambie Bwana Latimer namshukuru sana, na asinifutie.

Ile kamba ilikuwa ya kufungia mzigo.

Haya. Nitasema. Siku ile simu yako ya rambirambi haikuja, watu wa matanga waliniuliza, "Raymundi hajaja?" Nyumba ilikuwa imejaa. Nikawajibu kama mama yangu alivyojibu, na jioni nikafunga fundo, kama kila jioni tangu ulipopanda treni. Sikuwa na hasira na wewe, mwanangu. Nilikuwa nakuogopea. Baadaye hasira ilikuja, ikakaa, ikaondoka, na fundo nikaendelea kufunga kwa sababu mkono ulikuwa umezoea. Sikuulizi ulikuwa wapi. Ulikuwa unasoma vipimo. Bernardo angekukemea kama ungeviacha.

Tarehe 12 tulimwombea misa. Nilimwambia pale kaburini kwamba kitabu chake hakikukatika, na kwamba mayai yake sasa nayataga mimi. Nililia, lakini kilio cha kawaida tu.

Tangu Januari sifungi tena fundo, maana kamba unayo wewe. Uje nayo. Sheria ya nyumba hii unaijua, nimekuandikia: msafiri hali kabla hajayafungua yote kwa mkono wake, na mtu mwingine hasaidii, hata awe karani mwenye moyo mwema. Nilimwambia Minza hesabu yake akapiga kelele. Anasema nikikuwekea elfu moja mia sita na zaidi, utakula Pasaka siku ya Pentekoste.

Nimelifikiria neno lake. Kuku amekwisha tengwa, na mimi nitakuwa stesheni na mwavuli wa marehemu. Kutoka Itigi mpaka Bukene njia ni ndefu, na ndani ya treni mtu hana la kufanya. Ukianza kufungua huko huko njiani, mimi sitakuwa nimeona.

Shangazi yako,
Apolinaria binti Mahona